Jamaa Waliobaki: Safari ya Kurudi kwa Wazee katika Vitabu vya Waitaliano

Iko hadithi moja ambayo huandikwa na kuandikwa tena katika mataifa yaliyopeleka watu wengi ng'ambo. Mtoto au mjukuu wa mhamiaji hufunga safari kwenda kuiona nchi ya wazee wake. Huwakuta jamaa asiowajua, hukumbatiwa, hulishwa hata akashindwa kuinuka, hulia pamoja nao mbele ya picha za marehemu, kisha hupanda meli au ndege akarudi alikozaliwa. Waitaliano wanayo hadithi hii kwa wingi, wala si ajabu. Kati ya mwaka 1876 na 1976 watu wapatao milioni 26 waliondoka Italia, na katika mwaka 1913 peke yake waliondoka zaidi ya 870,000. Wengi wao walirudi baada ya miaka michache ya kazi. Lakini wengi vile vile walibaki huko huko, na watoto wao ndio waliokuja kuwa waandishi.

Vitabu vingi vya namna hii havifai kusomwa mara ya pili, na sababu yake ni nyepesi kuiona. Jamaa waliobaki kijijini wamewekwa pale kama vyombo vya mezani. Shangazi ni wa kulia, mjomba ni wa kumimina mvinyo, bibi kizee ni wa kumshika mgeni mashavu na kusema kwamba amefanana na babu yake. Mgeni peke yake ndiye mwenye macho. Ndiye atazamaye, akumbukaye, aguswaye moyo. Wenyeji hawana neno la kusema juu yake. Nataka katika makala haya kuvipima vitabu vichache vilivyo bora kwa kipimo hicho kimoja: je, waliobaki wamepewa macho yao wenyewe? Je, wanaruhusiwa kumhesabu mgeni kama yeye anavyowahesabu wao? Naona kwamba kitabu kinachoshindwa hapa hushindwa kabisa, hata kama lugha yake ni tamu na mandhari yake yamepambwa vizuri.

Nianze na kitabu cha Jerre Mangione kiitwacho Mount Allegro, kilichotoka mwaka 1943. Mangione alizaliwa mwaka 1909 katika mji wa Rochester, jimbo la New York, na wazazi wake walikuwa Wasisilia wa pande za Agrigento. Aliandika kumbukumbu za kweli, lakini mchapishaji alishikilia kwamba kitabu kiitwe hadithi ya kubuni, basi ikambidi mwandishi abadilishe majina ya watu wake. Sehemu kubwa ni maisha ya mtaa wa wahamiaji: karamu zisizokwisha, michezo ya karata, ngano za wazee, na mama asiyeruhusu Kiingereza kisemwe ndani ya nyumba yake, maana hakutaka watoto aliowazaa wawe watu asioweza kuzungumza nao. Katika sura za mwisho kijana anavuka bahari kwenda Sisilia, kama alivyofanya Mangione mwenyewe mwaka 1936.

Ni rahisi kuziona sura hizo kuwa kiraka kilichoshonwa mwishoni mwa nguo iliyokwisha kamilika. Mimi naona kinyume chake. Bila ya sura hizo kitabu kingekuwa mkusanyo wa vichekesho vya mtaani. Kwa sura hizo ndipo tunapotambua kwamba ule mtaa wa Rochester, ambao mtoto aliudhania kuwa ni Sisilia iliyohamishwa nzima nzima, haukuwa Sisilia hata kidogo. Ulikuwa nchi ya tatu.

Ushahidi wake mzuri kupita wote ni neno moja la aibu kidogo. Katika mtaa wao wahamiaji walikuwa na neno la kutaja choo cha nje, kile kijengwacho nyuma ya nyumba. Lilikuwa neno la Kiingereza cha Marekani lililovikwa sauti za Kisisilia, na kwa miaka mingi kijana alilidhania kuwa neno la asili, la tangu na tangu. Alipolitumia mbele ya Wasisilia wa Sisilia, walimtazama wasimwelewe. Hapo pana mambo mengi zaidi kuliko katika kurasa kumi za machozi. Lugha aliyolindiwa na mama yake kwa bidii kubwa, lugha aliyoamini kuwa ndiyo ufunguo wa mlango wa wazee, ilikuwa imekwisha kuota matawi yake yenyewe. Na mwandishi hatuelezi kwamba yeye ndiye aliyegundua jambo hili kwa akili zake. Aligunduliwa. Nyuso za wasikilizaji wake ndizo zilizomwambia yeye ni nani.

Lipo jambo la pili la jinsi hiyo, nalo ni jina la mji. Waliohama mwanzoni mwa karne ya ishirini walitoka katika mji ulioitwa Girgenti. Mwaka 1927 serikali ya Mussolini iliubadilisha jina, ikauita Agrigento, kwa kutaka ulingane na utukufu wa Warumi wa kale. Kwa hiyo mtu aliyelelewa Marekani kwa masimulizi ya Girgenti alikuja kukuta ramani isiyolijua jina hilo. Wazee wake waliuhifadhi mji ambao wenyeji walikuwa wamekwisha kunyang'anywa.

Tena mgeni huyu hakuwa huru katika nchi ya wazee wake. Kwa sheria ya uraia ya mwaka 1912, mtoto wa raia wa Italia aliweza kuhesabiwa kuwa raia hata akizaliwa ng'ambo, na kijana wa rika lake alikuwa na sababu ya kuogopa kwamba atakamatwa na kutiwa jeshini. Serikali nayo ilijifanya kuwa jamaa, na madai yake yalikuwa mazito kuliko ya mjomba yeyote. Hofu hiyo imeenea katika sura zote za safari. Ndugu wanamlisha na kumshangilia, kisha wanashusha sauti pindi mazungumzo yanapokaribia siasa. Na sisi wasomaji tunajifunza kuwasikiliza zaidi pale wanaponong'ona kuliko pale wanapoimba.

Msomaji wa Afrika hawezi kuusoma mwaka huo wa 1936 kama anavyousoma msomaji wa Rochester. Mwezi wa Mei mwaka huo majeshi ya Italia yaliingia Addis Ababa, baada ya vita ambamo watu wa Uhabeshi walimwagiwa gesi ya sumu kutoka angani. Mnamo tarehe 18 Desemba 1935 wanawake wa Italia walikuwa wametakiwa kuzitoa pete zao za ndoa kwa ajili ya vita hivyo hivyo. Basi meza ile iliyojaa samaki na maandazi iliandaliwa na mikono ambayo mingi yake yamkini ilikuwa imekwisha vuliwa dhahabu yake. Sisemi haya ili kumlaumu Mangione, aliyekuwa adui wa ufashisti tangu ujanani mwake. Nasema ili mwanafunzi wetu ajue kwamba maskini aliyenyamazishwa kwake na maskini aliyeuawa ng'ambo walikuwa chini ya dola moja, na kwamba kunong'ona kule kijijini Sisilia kuna mwangwi wake huku kwetu.

Udhaifu wa kitabu ni haraka. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na karibu vitabu vyote vya safari hizi hufungwa jioni ya siku ya pili. Mgeni amekwisha shiba na jembe bado limelala pembeni. Mount Allegro nacho hufungwa mapema hivyo. Lakini Mangione alikuwa na unyofu wa kurudi. Alikwenda tena baada ya vita, mwaka 1947, akatoa Reunion in Sicily mwaka 1950. Na mwaka 1968 akatoa A Passion for Sicilians, kitabu juu ya Danilo Dolci na watu waliofanya kazi pamoja naye kati ya maskini wa magharibi ya kisiwa. Katika kitabu hicho cha tatu jamaa za damu karibu wametoweka, na mahali pao pamekaliwa na maji, mabwawa, njaa na migomo. Ikiwa hiyo siyo siku ya jembe, sijui ni ipi.

Kwa nini jamaa waliobaki hulia sana mgeni anapoingia? Watungaji wavivu hujibu kwamba ni damu. Jibu la kweli zaidi tunalipata kwa Luigi Pirandello, aliyezaliwa mwaka 1867 karibu na Girgenti hiyo hiyo. Hadithi yake fupi L'altro figlio, yaani mwana mwingine, ilitoka mwaka 1905. Humo kuna mwanamke kizee, Maragrazia, ambaye wanawe wawili walikwenda Marekani miaka kumi na minne iliyopita wasimpelekee hata neno. Yeye hajui kuandika. Kila wakundi wa wahamiaji wanapoondoka, humwendea jirani amwandikie barua, kisha huwapa wasafiri wamchukulie. Mwishowe daktari wa kijiji anaitazama barua moja akaona kwamba hakuna kilichoandikwa humo, ni mikwaruzo tu ya kalamu. Jirani amekuwa akimdanganya miaka yote.

Mtu aliyekwisha kuisoma hadithi hiyo hawezi tena kuyatazama machozi ya mashangazi kwa macho yale yale. Mgeni kutoka Marekani anapofika mlangoni yeye ndiye barua iliyochelewa. Wanamlilia yeye, naam, lakini wanamlilia pia kwa ajili ya zile zote ambazo hazikufika, na ndani ya kilio hicho mna lawama ambayo adabu haiwaruhusu kuitamka. Pirandello amekwenda mbali zaidi, na hapa ndipo ukali wake. Maragrazia anaye mwana wa tatu, aliyebaki, mtu mwema aliye tayari kumtunza. Naye hataki hata kumwona, kwa kuwa alizaliwa baada ya kunajisiwa na mnyang'anyi, na sura yake ni sura ya baba yake. Waliokwenda wanapendwa bila sababu, na aliyebaki anachukiwa bila kosa. Hakuna kitabu cha mgeni kilichothubutu kusema hivyo, maana mgeni huondoka bila kujua.

Juu ya Conversazione in Sicilia ya Elio Vittorini nitasema machache, si kwa kuwa ni kitabu kidogo bali kwa kuwa safari yake ni ya ndani ya nchi moja. Ilitoka katika jarida la Letteratura mwaka 1938 na 1939, kisha ikawa kitabu mwaka 1941. Silvestro, mpiga chapa aishiye kaskazini, anarudi kwa treni na kivuko kumwona mama yake katika milima ya Sisilia. Jambo la kujifunza hapa ni mama. Huyu si mama wa kulia. Anachoma samaki wake, anazungumza, anachukua sindano zake na kwenda nyumba kwa nyumba kuwadunga wagonjwa, na mwanawe inampasa amfuate nyuma. Silvestro amekuja na kumbukumbu zake tayari. Mama anazishika moja moja na kuzipinga. Jambo ambalo mwana anadhani alilitenda baba, mama asema alilitenda babu. Hata mapenzi yake ya siri ya zamani anamsimulia mwanawe bila kuona haya. Mwana hakujua kwamba mama yake alikuwa na maisha. Na ni wana wangapi wanaorudi wakiwa na wazo hilo! Naliona jambo hili kuwa bora kuliko yale yanayosifiwa zaidi katika kitabu hiki, yaani mafumbo yake juu ya ulimwengu uliojeruhiwa, ambayo kwa maoni yangu hurefushwa mno kuelekea mwisho.

Katika Umbertina ya Helen Barolini, iliyotoka mwaka 1979, vizazi vya wanawake vinafuatana kutoka kijiji cha Calabria hadi Marekani. Tukio moja lanitosha. Mhamiaji wa kwanza alikuwa na shuka la kitanda lililofumwa kwa ajili ya ndoa yake, akaliuza New York kwa shida ya fedha. Miaka mingi baadaye kitukuu chake anasimama mbele ya shuka hilo katika makumbusho ya wahamiaji, analiona kuwa zuri, na hajui kwamba lilikuwa la mama wa bibi yake. Hakuna jamaa pale wa kumwambia. Kitu kimehifadhiwa na udugu umepotea.

Siku hizi kitu huhifadhiwa kwa bidii zaidi. Mwaka 2024 serikali ya Italia iliufanya kuwa mwaka wa asili za Waitaliano duniani, ikawaalika wajukuu wa wahamiaji waje kuvitazama vijiji vya wazee. Na mwaka 2025, kwa amri ya Machi na sheria ya Mei, ikafunga mlango wa uraia wa nasaba kwa wengi wanaotegemea babu wa mbali. Wajukuu wanakaribishwa kama wageni na kukataliwa kama ndugu, na wahusika wote wanazungumza kwa vyeti vya kuzaliwa. Mtungaji atakayeandika sasa atayakuta makabati ya kumbukumbu yamejaa na nyumba nyingi za vijijini ni tupu.

Na nyumba tupu ndiyo mada ya kitabu nilichokiacha makusudi hadi hapa, La luna e i falò ya Cesare Pavese, kilichotoka mwaka 1950, miezi michache kabla ya mwandishi kujiua. Mtu arudiye hana jina ila la utani, Anguilla, yaani mkunga, samaki yule mrefu. Alikuwa mtoto aliyetupwa, akachukuliwa kutoka hospitali ya Alessandria na wakulima maskini wa vilima vya Langhe, huko Piemonte, kwa ajili ya posho iliyolipwa kila mwezi kwa mlezi. Alikwenda Marekani, akapata mali, akarudi baada ya vita. Hana baba, hana mama, hana binamu wa kumkumbatia. Pavese amefanya jaribio ambalo wengine hawakulithubutu: ameiondoa damu yote katika hadithi ya kurudi, ili aone kitakachosalia.

Kiitaliano kina neno paese, ambalo maana yake ni nchi na pia ni kijiji, na wafasiri wa lugha nyingine huumia wanapolazimika kuchagua. Kiswahili kinaweza kulikaribia kwa neno letu kwetu. Tulitazame neno hilo kwa makini. Mtu mmoja, hata awe yatima, husema kwetu ni mahali fulani. Hasemi kwangu, maana kwangu ni nyumba yangu tu, hata kama niliipanga jana. Mahali pa asili hapatajwi ila kwa wingi. Basi Anguilla anapajua mahali, lakini ule wingi hana. Anapofika Gaminella, penye kibanda alikolelewa, jambo linalompiga ni kwamba kichaka cha miti ya kokwa kilichokuwa pale kimekatwa. Alikuwa tayari kukuta mengine yote yamebadilika, si miti ile. Mtu mwenye shangazi angeuliza habari za shangazi. Asiye naye huuliza habari za miti.

Wenyeji wanamwona vizuri. Kwao yeye ni Mmarekani, mtu wa fedha, wa kuuziwa shamba. Macho hayo si ya upendo lakini ni macho, na Pavese hayafichi. Mtu mmoja tu anamkaribia kwa namna nyingine, naye ni Cinto, mtoto kiwete aishiye katika kibanda kile kile cha zamani. Anguilla anamnunulia kisu. Inaonekana kuwa zawadi ya mgeni, kitu cha kumfurahisha mtoto kwa siku moja. Lakini baba wa mtoto, maskini aliyekandamizwa na kodi ya shamba hata akapoteza akili, anawaua wanawake wa nyumbani, anaichoma nyumba na kujinyonga. Na Cinto anaponea kwa kuwa alikuwa na kisu hicho mkononi. Hilo ni jembe la siku ya tatu. Anguilla halazimiki na damu yoyote, wala hakuna sheria imhesabuye kuwa ndugu. Hata hivyo anabaki na mtoto wa kumtafutia mahali.

Aliyebaki hasa katika kitabu hiki ni Nuto, seremala, rafiki wa utotoni ambaye hakuondoka. Pavese amempa Nuto kitu ambacho waandishi wa karamu na machozi huwanyima jamaa wao: amempa siri. Siku zote wanazotembea pamoja katika mashamba ya mizabibu, Nuto anajua yaliyompata Santa, binti mdogo wa nyumba kubwa alikofanya kazi Anguilla ujanani. Hasemi. Anazungumza juu ya siasa, juu ya mwezi na majira ya kukata miti, juu ya mioto inayowashwa mashambani ili ardhi ipate nguvu. Anaulizwa, anageuza maneno. Ni mpaka siku za mwisho, wanapopanda kilima cha Gaminella, ndipo anaposimulia kwamba Santa aliwapeleleza wapigania uhuru, kwamba alipigwa risasi nao, na kwamba mwili wake ulichomwa kwa matawi ya mizabibu. Nuto alikuwapo. Alama ya moto ilikuwa bado ikionekana pale chini, mahali ambapo Anguilla angeweza kupita akidhani ni mmoja wa mioto ile ya mavuno.